Hofu ya Mtoto na Daktari wa Kwanza

Mtoto alalamikaye tumbo kila asubuhi ya shule, kisha Jumamosi akacheza mpaka jua likachwa, yafaa apimwe. Lakini vipimo visipoonyesha kitu, je, aitwe mvivu? La hasha! Huenda ana hofu iliyopita kiasi, nayo ni maradhi yenye tiba.

Oktoba 2022 jopo la wataalamu wa kinga nchini Marekani lilishauri kwamba watoto wa miaka 8 hadi 18 waulizwe juu ya hofu hiyo, hata wasioonyesha dalili. Shauri jema, ila daktari wa kawaida asiyefundishwa tiba atalifanyia nini jibu? Atamwandikia mtoto barua ya kwenda kwa bingwa, na mabingwa wa akili za watoto ni haba hata katika nchi ile tajiri.

Jimbo la Massachusetts lilianzisha mwaka 2004 mpango ambao daktari wa watoto humpigia bingwa simu, wakashauriana juu ya mgonjwa. Hivyo daktari hujifunza akiwa kazini, na mtoto hangoji miezi.

Tena la kufundishwa lajulikana. Katika uchunguzi wa watoto 488 uliotangazwa Marekani mwaka 2008, watoto wapatao 6 katika kila 10 walipata nafuu kubwa kwa tiba ya mazungumzo peke yake, na 8 ilipoambatana na dawa. Tiba hiyo humzoesha mtoto kukikabili akiogopacho, hatua kwa hatua. Mzazi amwachaye nyumbani kwa huruma huilisha hofu ile ile. Na neno hilo daktari wa kawaida aweza kabisa kufundishwa kulisema, pasipo kumwaibisha mama.