Raki inayovuja na biashara ya spea za mtumba mkoani Mara

Anayetaka kujua hali ya biashara ya spea mkoani Mara aanzie chini ya gari, si dukani. Magari yanayobeba abiria kati ya Musoma, Makutano, Butiama na Kiabakari, yale tunayoyaita michomoko, mengi ni Toyota zilizotengenezwa miaka ya 1990: Noah SR40, Corolla AE110, Mark II GX100. Injini zake bado zinavuta. Kilichozeeka ni mipira yake, na mipira inayowaliza wenye magari kuliko mingine ni sili ndogo zilizofichwa ndani ya stelingi raki, kile kifaa kinachogeuza matairi ya mbele usukani unapozungushwa.

Fundi mzoefu hahitaji mashine kuligundua tatizo. Anainua pua ya gari kwa jeki, anaweka stendi, kisha anaibana kwa vidole ile raba buti yenye mikunjo iliyo karibu na tairi la mbele. Ikiwa nzito na inachezacheza, anafungua klipu yake na oili inamwagika kiganjani. Ikiwa bado nyekundu, kuna matumaini. Ikiwa imekuwa ya kahawia, na akiisugua kati ya dole gumba na cha shahada anasikia mchanga, raba ilipasuka siku nyingi. Vumbi limeingia, unyevu umeingia, na shafti ya raki imeshaanza kushika kutu. Hapo hata sili mpya haitadumu, kwa sababu itakuwa inapita juu ya chuma chenye vidonda.

Mzigo unaobebwa na sili hizo si wa kudharau. Pampu inayozungushwa na injini husukuma oili ndani ya raki kwa presha inayoweza kupita psi 1,000, wakati tairi la gari dogo hujazwa kama psi 30 tu. Presha hupanda zaidi dereva anapokata usukani hadi mwisho na kuushikilia hapo, jambo linalofanyika kila saa stendi, gari likigeuzwa kwenye nafasi finyu huku limeshajaa abiria. Ongeza makorongo ya barabara za vumbi kuelekea vijijini na matope ya udongo mweusi wakati wa masika, na utaelewa kwa nini mafundi wa huku hawakosi raki ya kufungua.

Wengi huanza kwa kuongeza oili. Dereva wa mchomoko ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, na kulilaza gari siku mbili ni hasara asiyoweza kumweleza mtu. Kwa hiyo chupa ya oili ya ATF inakaa chini ya kiti. Gari linalovuja nusu lita kwa wiki litakunywa lita 26 kwa mwaka, wakati mfumo mzima unabeba kama lita moja. Hesabu hiyo haijaingiza pampu, ambayo hulainishwa na oili hiyohiyo. Ikiishiwa hupiga kelele, hula vyuma vyake, na vumbi la vyuma hivyo linarudi kwenye raki. Baadhi hubahatisha hata kwa oili ya breki, ambayo huvimbisha sili za pawa stelingi na kuziua kabisa.

Uvumilivu ukiisha, mwenye gari hutafuta raki ya mtumba, na hapa ndipo fedha nyingi inapopotea. Akiikosa Musoma au Bunda, anapiga simu Mwanza, au Dar es Salaam kwa wauzaji wa Gerezani na Ilala. Hela inatumwa kwa simu, raki inafungwa kwenye kiroba, inapandishwa basi. Wengine huvuka Sirari kutafuta upande wa Kenya, ambako nako usukani uko kulia kama kwetu. Raki hizo chanzo chake ni Japani. Sheria ya huko hulazimisha gari dogo kukaguliwa miaka mitatu baada ya kununuliwa likiwa jipya, kisha kila miaka miwili, na gharama za ukaguzi huwafanya wengi waachane na magari ambayo bado ni mazima. Mengine yanakuja kwetu yakitembea, mengine yanakatwakatwa na kuja kwenye kontena, ama moja kwa moja ama kupitia Sharjah na Dubai.

Sasa tujiulize mnunuzi amenunua nini. Raki ya Noah ya mwaka 1998 iliyotoka kwenye kontena ina sili za mwaka huohuo wa 1998, isipokuwa kama iliwahi kufunguliwa. Imekaa ghalani miezi mingi ikiwa kavu, mirija yake wakati mwingine haijazibwa, na mpira uliozoea kuogelea kwenye oili ukikauka hukakamaa. Muuzaji haijui, fundi haijui, na hakuna anayeijaribu kwa presha kabla ya kuifunga. Mwenye gari analipia nauli ya basi, ufundi na oili mpya, kisha baada ya majuma machache anaiona alama nyekundu ya oili kwenye vumbi. Analipa ufundi mara ya pili. Mimi naiona hii kuwa kasoro kubwa ya biashara nzima: hatari yote ya bidhaa inabebwa na mtu mwenye taarifa ndogo kuliko wote.

Kodi nayo imo. Serikali hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 25 kwa spea za mitumba za magari zinazoingizwa nchini, na VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake. Nia ya kupunguza vyuma chakavu inaeleweka. Lakini Tanzania, tofauti na Kenya inayokataa magari yaliyopita miaka minane, haikuweka ukomo wa umri; imechagua kutoza zaidi magari makuukuu. Tumeyapokea magari, hivyo lazima tuwe na njia ya kuyatunza.

Njia hiyo ipo, nayo ni kuifufua raki ileile iliyo kwenye gari. Inafunguliwa, inaoshwa, shafti inakaguliwa kwenye mwanga, bushi iliyolika inakerezwa nyingine, seti nzima ya sili inabadilishwa na raba mpya zinafungwa. Sili ni kitu kidogo na chepesi. Kontena moja linaweza kubeba za kutosha maelfu ya magari. Sehemu kubwa ya malipo inabaki kwa fundi wa Musoma au Butiama badala ya kwenda kulipia chuma kilichosafirishwa kutoka Osaka. Si kila raki inafaa, na ile iliyoliwa na kutu itabidi itupwe.

Kinachokosekana ni vifaa na nidhamu ya kazi. Nimeona sili ikigongwa kwa bisibisi hadi ukingo wake ukapinda kabla haijafanya kazi hata dakika moja. Kazi nzuri inajulikana kwa mambo madogo: usukani unafungwa usizunguke, la sivyo utepe wa waya wa mfuko wa hewa utakatika, nyuzi za tairodi zinahesabiwa kabla ya kufunguliwa, oringi na washa za mirija zinawekwa mpya, hewa inatolewa kwa kuzungusha usukani taratibu kushoto na kulia magurudumu yakiwa juu, kisha gari linapelekwa alaimenti. Anayeruka hatua ya mwisho atakula tairi mpya kabla hajamaliza kulipa deni la raki.

Musoma kuna chuo cha VETA, na SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina kazi ya kuwawezesha watu wenye viwanda vidogo. Meza moja ya kujaribia raki, yenye mota, pampu, geji ya presha na viunganishi vya aina chache za Toyota, ikiwekwa kwenye moja ya taasisi hizo, ingewahudumia mafundi wa Musoma, Butiama na Bunda, kila mmoja akilipia kwa raki aliyoileta. Raki iliyoshikilia presha pale mezani inaweza kuuzwa na dhamana ya miezi mitatu iliyoandikwa. Wauzaji wa mtumba nao wangelazimika kuzijaribu zao au kushusha bei.

Mnunuzi ana silaha ambayo haitumii. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humlinda aliyemweleza muuzaji shughuli anayonunulia kitu, kisha kitu kikashindwa kuifanya. Ila madai yanataka ushahidi, na raki nyingi hununuliwa bila risiti ya EFD wala karatasi yoyote. Mwenye gari adai risiti yenye jina la gari na namba ya modeli, hata kama muuzaji atanuna.

Muda wa kuwekeza si mrefu sana. IST na Vitz zinazozidi kuonekana barabara ya Makutano zinasaidiwa na mota ya umeme iliyo kwenye nguzo ya usukani. Hazina pampu ya pawa wala oili ya kuvuja. Lakini Noah za SR40 zitakuwepo kwa miaka mingi bado, na tarehe 14 Oktoba, wageni wanapomiminika kwenye kaburi la Mwalimu Nyerere, ndizo zinazowashusha Butiama.