Bwana Akin Euba na Piano Iliyofunzwa Midundo ya Ngoma

Tangu wamisionari wa C.M.S. walipoanzisha Frere Town huko Kisauni katika mwaka 1875, kinanda cha kizungu si kitu kigeni katika Mombasa bara. Na upande wa Likoni, Wadigo wana sengenya yao, yenye ngoma kadhaa na nzumari. Watu wengi hudhani ya kwamba mambo haya mawili hayakai nyumba moja, na ya kuwa kijana ajifunzaye piano hana budi kuiacha ngoma ya kwao. Mwafrika mmoja, ingawa hakuwa wa pwani yetu, alitumia maisha yake kuonyesha ya kwamba sivyo.

Bwana Akin Euba alizaliwa Lagos, Nigeria, mwaka 1935. Katika mwaka 1952 alikwenda London kusoma katika Trinity College of Music, akahitimu katika kupiga piano na kutunga muziki. Aliporudi kwao hakutosheka na kazi za Wazungu peke yake. Aliwaendea wapiga dundun, ngoma za Wayoruba ambazo husema maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti, akajifunza habari zao. Na kwa uchunguzi huo Chuo Kikuu cha Ghana kilimpa shahada ya udaktari mwaka 1974.

Hoja yake yaeleweka upesi. Ndani ya piano mna nyundo ndogo zipigazo nyuzi. Basi piano ni ndugu wa marimba na wa ngoma. Mkono wa kushoto waweza kushika mdundo usiobadilika, na wa kulia ukapiga mdundo mwingine juu yake. Katika Scenes from Traditional Life, kazi yake ya mwaka 1970, aliunganisha midundo ya Kiafrika na mitindo ya watunzi wa kisasa wa Ulaya. Muziki huo si mwepesi kwa sikio lisilouzoea, lakini ngoma imo ndani yake.

Alifundisha Lagos, Ife, na baadaye Pittsburgh, Marekani. Alifariki Aprili 2020.

Basi mzazi wa Likoni au Changamwe ambaye mtoto wake ajifunza piano asimkataze kwenda kutazama sengenya. Ampeleke, akaketi karibu na wapiga ngoma, akaihesabu midundo yao. Bwana Euba hakuona aibu kufanya hivyo, hali ana vyeti vya London mkononi.