Maada ya Giza Haiuzwi kwa Chupa

"Daktari, chupa moja ni pesa ngapi?" Niliulizwa hivyo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kando ya foleni ya malori, kisha Busia na bwana aliyevaa suti. Mtu akisikia natafiti maada ya giza hudhani ni ndugu ya zebaki nyekundu, ile bidhaa ya matapeli. Nijibu leo, nikija nyumbani tena ninywe chai kwa amani.

Zebaki nyekundu haipo. Mwaka 2009 watu wa Saudi Arabia waligombania cherehani kuukuu za Singer kwa maelfu ya riyali, wakiamini imo ndani. Haikuwamo. Nasi wa mpakani tusiwacheke: kimondo kilipoanguka Mbale, si mbali na Malaba, Agosti 14, 1992, wapo waliosaga mawe yake wakayala kama dawa ya Ukimwi.

Maada ya giza ipo, ila chupa haiizuii. Jina lenyewe linapotosha: si nyeusi, maana mwanga huipita kana kwamba hakuna kitu. Tunaijua kwa mvuto wake tu. Nyota za pembeni mwa galaksi zinazunguka kwa kasi ambayo ingezitawanya, lakini kuna kitu kinazishika. Kitu hicho hupenya kioo, ukuta, mwili wako na lori la saruji. Hata njia ya panya hakiihitaji.

Tazama Wajapani: walichimba mita 1,000 chini ya mlima huko Kamioka, wakajaza tangi tani 50,000 za maji safi mno, wakalizungushia vitambuzi vya mwanga zaidi ya 11,000. Hata hapo, wanapoitafuta maada ya giza, wanasaka nyayo tu: pengine chembe za maada hii huangamizana ndani ya Jua na kuzaa chembe nyingine ziitwazo nutrino, na nutrino mojamoja ikigonga maji huzua mmweko wa buluu. Wanalinda tangi hilo tangu 1996. Nyayo hizo hawajaziona. Muuza chupa wako alizionea wapi?

Je, badala ya tangi tungetumia Ziwa Victoria? Kina chake ni kama mita 80, tena lina tope. Warusi wamezamisha vitambuzi vyao Ziwa Baikal, hadi zaidi ya mita 1,000. Tanganyika, yenye mita 1,470, hiyo tungeizungumza.

Mtoto anayependa mambo haya akazane na hesabu. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro pale Kakamega wanafundisha fizikia. Ukiletewa chupa, usilipe, wapigie polisi simu, na usiifungue. Huenda ni zebaki halisi ya wachimba dhahabu, na mvuke wake huharibu ubongo.