Kasongo na Kabambare: Kutunza kompyuta ya Linux mahali umeme unapokatika ovyo

Mwanafunzi anapeleka TFC yake kwenye sekretaria ya umma ili ichapwe. Flashi inachomekwa, na badala ya kurasa zake anaona vipicha vya njia za mkato tu. Virusi vimeficha kazi ya miezi mingi.

Kwa wanaotunza kompyuta kusini mwa jimbo la Maniema, hapo ndipo Linux inasaidia haraka. Virusi vya aina hiyo vilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Ndani ya Linux havijiwashi, na faili zilizofichwa zinaonekana wazi, mara nyingine ndani ya folda isiyo na jina. Mhudumu anazinakili kwenye kompyuta, anafuta zinazoishia na .lnk na .vbs, kisha anamrudishia mwenyewe flashi yake.

Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland, hailipiwi. Jambo hilo lina uzito zaidi tangu Microsoft ilipomaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwani mashini nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Lubuntu, ambayo ni nyepesi, huziwezesha kuendelea na kazi.

Kosa dogo linalosumbua ni la saa. Congo ina majira mawili, na anayechagua Kinshasa wakati wa kuweka mfumo atabaki nyuma kwa saa 1. Maniema inafuata Lubumbashi:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi

Ikiwa kibetri cha ndani kimekufa, tarehe inarudi miaka nyuma kila mashini inapozimwa, na kurasa nyingi za intaneti zinakataa kufunguka. Watu hulaumu mtandao bure. Kwanza tazama tarehe.

Nenosiri likikataliwa, angalia pia kibodi. Yetu ni ya Kifaransa, AZERTY; mfumo ukidhani ni ya Kiingereza, ukibonyeza A inaandikwa Q.

Kuhusu programu, hakuna haja ya kumaliza mega kwa kila kompyuta. Mwenye kufika Kindu au penginepo penye mtandao mzuri, akiwa na mashini yenye toleo lile lile la mfumo, aandike kwa mfano:

sudo apt-get install -d vlc

Amri hiyo inapakua bila kuweka. Vifurushi vinabaki ndani ya /var/cache/apt/archives. Avinakili kwenye flashi, na akirudi Kabambare afungue folda hiyo na kuandika sudo apt install ./*.deb.

Umeme ndio adui mkubwa. Jenereta ikizimika ghafla, kompyuta isiyo na betri inaweza kuwaka tena na kusimama kwenye neno initramfs. Wengi hapo hufuta kila kitu na kuanza upya, wakipoteza orodha na ripoti za wateja. Mara nyingi haikuwa lazima: andika fsck -y pamoja na jina la sehemu ya diski lililotajwa kwenye ujumbe, kama /dev/sda2, halafu exit. Diski ikiwa nzima, mfumo utarudi.

Hata hivyo nakala ya pili ni lazima, kwenye flashi nyingine. Kabla ya kuichomoa, andika sync na kungoja amri imalizike, maana Linux inaweza kuonyesha kwamba imemaliza kunakili wakati sehemu ya faili bado iko kwenye kumbukumbu ya mashini.