Gharama za makongamano ya kitaalamu

Gharama za makongamano ya kitaalamu ni fedha zinazotumika ili watafiti, wahandisi na wanataaluma wengine wakutane na kuelezana matokeo ya kazi zao, pamoja na fedha zinazolipwa baadaye na wale wanaotaka kusoma kumbukumbu za mikutano hiyo. Kwa hiyo ziko za aina mbili: gharama za kuhudhuria na gharama za kusoma. Katika Afrika Mashariki zote mbili ni kubwa zikilinganishwa na mishahara ya watafiti na bajeti za maktaba. Matokeo yake ni kwamba utafiti uliofanyika katika wilaya fulani unaweza kusomwa kwa urahisi ng'ambo, huku wakazi wa wilaya yenyewe wakishindwa kuupata.

Mifano mingi ya makala hii inatoka wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Wilaya hiyo, pamoja na kata zake za vijijini kama Mamboya, iko mbali na kumbi za makongamano, lakini imefanyiwa utafiti kwa miaka mingi.

## Kongamano na kumbukumbu zake

Kongamano la kitaalamu ni mkutano ambamo wataalamu wa fani moja hutoa mada, huulizana maswali na kukosoana. Kabla ya mkutano, mwandishi hutuma makala yake au ikisiri. Wataalamu wenzake huisoma, kwa kawaida bila malipo, na kupendekeza ikubaliwe au ikataliwe. Makala zilizokubaliwa hukusanywa katika kitabu, au siku hizi kwenye tovuti, na mkusanyo huo huitwa kumbukumbu za kongamano.

Uzito wa kumbukumbu hizo hutofautiana baina ya fani. Katika tiba na biolojia, chapisho lenye heshima zaidi ni makala ya jarida, na kongamano mara nyingi huacha ikisiri tu. Katika sayansi ya kompyuta na baadhi ya matawi ya uhandisi, makala ya kongamano huhesabiwa kuwa chapisho kamili. Makongamano mengi ya fani hizo hudai kwamba angalau mwandishi mmoja alipie usajili na kuwasilisha mada, la sivyo makala haitachapishwa. Hivyo asiye na uwezo wa kulipa hukosa mkutano na chapisho pia.

Mikutano ya namna hii si migeni Afrika Mashariki. Tangu miaka ya 1950 Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki, iliyokuwa Makerere nchini Uganda, iliandaa mikutano ambayo mada zake zilichapwa kwa stensili na kugawiwa washiriki. Uchapaji huo ulikuwa wa bei nafuu, ila nakala zilikuwa chache na nyingi zilibaki katika maktaba za vyuo.

## Gharama za kuhudhuria

Gharama za mshiriki ni ada ya usajili, nauli, malazi, chakula na, kwa mikutano ya nje, viza. Bei hutofautiana kati ya kongamano na kongamano. Hesabu ifuatayo ni ya kukadiria tu, kwa mtafiti wa Tanzania anayekwenda Marekani kwa kongamano la siku chache:

- ada ya usajili: dola 600
- nauli ya ndege, kwenda na kurudi: dola 1,200
- malazi ya usiku nne, kwa dola 150 kila usiku: dola 600
- ada ya maombi ya viza: dola 185

Jumla ni dola 2,585. Dola moja ikihesabiwa kuwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 6,462,500. Pato la wastani la mtu mmoja nchini Tanzania ni takriban dola 1,200 kwa mwaka, kwa hiyo safari moja inazidi pato la wastani la miaka miwili. Chakula na usafiri wa ndani havijahesabiwa.

Viza ina ugumu wake hata kwa mwenye fedha. Ada ya maombi hairudishwi ombi likikataliwa. Mwombaji anayeishi mikoani hulazimika kwenda Dar es Salaam, ambako ndiko ziliko balozi nyingi. Mwaka 2018 watafiti kadhaa wa Afrika waliotarajiwa kwenye warsha ya Black in AI, iliyofanyika pamoja na kongamano la akili bandia la NeurIPS huko Montreal, Kanada, walinyimwa viza. Malalamiko kama hayo yalisikika tena mwaka 2019, kongamano lilipofanyika Vancouver.

## Gharama za kusoma

Kongamano likiisha, kumbukumbu zake huweza kuuzwa. Kwa asiye mwanachama wala mfanyakazi wa taasisi iliyojiandikisha, makala moja ya kongamano kutoka kwa wachapishaji wakubwa wa kimataifa kwa kawaida huuzwa kwa dola 15 hadi 35. Mwanafunzi anayehitaji makala 20 kwa ajili ya tasnifu yake, kwa bei ya dola 30 kila moja, atatakiwa kulipa dola 600, sawa na shilingi 1,500,000. Tena hawezi kujua kama makala inamfaa kabla ya kuinunua, kwani bila malipo huonyeshwa ikisiri peke yake.

Vyuo vikuu hupunguza mzigo huo kwa kulipia makusanyo mazima kwa mwaka. Nchini Tanzania maktaba za vyuo na taasisi za utafiti zimeungana katika ushirika uitwao COTUL ili kupata makusanyo hayo kwa pamoja. Faida ya mpango huo humfikia mwanafunzi au mhadhiri wa taasisi mwanachama. Mwalimu wa sekondari, afisa ugani au mhandisi aliyejiajiri hubaki nje.

## Sababu za bei kubwa

Sababu ya kwanza ni gharama halisi. Ukumbi, vyombo vya sauti, chakula na wafanyakazi vyote hulipiwa, na makongamano hupenda miji mikubwa yenye hoteli na viwanja vya ndege vya kimataifa.

Sababu ya pili ni kwamba vyama vingi vya wanataaluma hutegemea mapato ya makongamano na machapisho kuendesha shughuli zao nyingine, kama kutoa tuzo na kuandaa mafunzo. Kupunguza bei maana yake ni kutafuta fedha mahali pengine.

Sababu ya tatu ni mpango wa kupandishwa vyeo. Mtafiti huhesabiwa kwa machapisho yake, na chapisho la mahali maarufu humpa alama zaidi. Hivyo hawezi kuchagua kongamano kwa kuangalia bei tu, na waandaaji wa makongamano maarufu hawana haraka ya kushusha ada.

Sababu ya nne ni hakimiliki. Kwa miaka mingi waandishi wametakiwa kumkabidhi mchapishaji haki za makala yao. Zamani bei ilielezwa kwa gharama ya karatasi, uchapaji na posta. Siku hizi kuongeza nakala moja kwenye intaneti hakugharimu karibu chochote, ila mwenye hakimiliki bado ndiye anayepanga bei.

## Mfano wa Kilosa

Karibu na mji wa Kilosa kipo kituo cha Ilonga, ambacho leo ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Kituo hicho kimefanya utafiti wa pamba, mahindi, mtama, alizeti na mikunde. Aina za mahindi Staha na TMV-1, zilizotolewa kwa wakulima katika miaka ya 1980, zinahusiana na kazi ya kituo hicho. Kusini mwa wilaya iko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako nyani wamekuwa wakichunguzwa na wanasayansi tangu mwaka 1974. Mamboya yenyewe, iliyoko katika nchi ya Wakaguru kaskazini mwa mji wa Kilosa, ilikuwa na kituo cha wamisionari Waanglikana wa CMS tangu karibu na mwaka 1880. Mwanaanthropolojia Mmarekani Thomas O. Beidelman aliwachunguza Wakaguru kwa muda mrefu na kuandika juu yao vitabu *The Kaguru* (1971) na *Colonial Evangelism* (1982).

Mbegu, wanyama na watu wa wilaya moja wameingia hivyo katika maandishi ya kitaalamu ya dunia. Upatikanaji wa maandishi hayo kwa wenyeji hautegemei umuhimu wake kwao, bali unategemea nani aliyachapisha. Mifano miwili yaonyesha tofauti hiyo.

Mfano wa kwanza ni kongamano la tano la mahindi la Afrika ya Mashariki na Kusini, lililofanyika Arusha tarehe 3 hadi 7 Juni 1996. Kumbukumbu zake zilichapishwa na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano chenye makao Mexico. Leo zinasomwa bure kwenye hifadhi ya kidijitali ya kituo hicho. Mwanafunzi wa Kilosa mwenye simu na kifurushi cha intaneti aweza kuzifungua sawa na profesa wa Ulaya.

Mfano wa pili ni maandishi juu ya Wakaguru. Sehemu kubwa yake iko katika vitabu vya wachapishaji wa nje na majarida yanayouzwa. Mkazi wa Mamboya anayetaka kujua yaliyoandikwa kuhusu ukoo, mila au historia ya kata yake hutakiwa kuyanunua kwa fedha za kigeni, au kusafiri hadi maktaba yenye nakala.

## Hatua zilizochukuliwa

Programu za Research4Life. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilianzisha HINARI pamoja na wachapishaji, ili taasisi za nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Zilifuata AGORA ya kilimo mwaka 2003, OARE ya mazingira mwaka 2006 na ARDI ya teknolojia mwaka 2009. Tanzania imo katika kundi la nchi ambazo taasisi zake hazilipi.

Uchapishaji huria. Chama cha USENIX kilifungua kumbukumbu zake za makongamano kwa wasomaji wote mwaka 2008. Tovuti ya CEUR-WS imekuwa ikichapisha kumbukumbu za warsha bure tangu 1995. ACM, chama cha wanasayansi wa kompyuta kilichoanzishwa Marekani mwaka 1947, kilifungua machapisho yake ya miaka 1951 hadi 2000 mnamo Aprili 2022, kisha kikatangaza kwamba machapisho yake yote yatakuwa huria kuanzia Januari 2026.

Kuleta makongamano Afrika. Kongamano la ICLR, mojawapo ya makubwa ya akili bandia, lilipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, likahamishiwa mtandaoni kwa sababu ya UVIKO-19. Mwaka 2023 lilifanyika Kigali, Rwanda, tarehe 1 hadi 5 Mei. Kwa kuwa Tanzania na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Mtanzania haombi viza ya kulipia ili kuingia Rwanda. Mkutano wa Deep Learning Indaba, ulioanza Afrika Kusini mwaka 2017, ulifanyika Nairobi mwaka 2019 na husaidia baadhi ya washiriki kwa nauli.

Kushiriki kwa mtandao. Wakati wa UVIKO-19 makongamano mengi yalifanyika mtandaoni kwa ada ndogo. Nauli na viza ziliondoka. Lakini mazungumzo ya pembeni, ambamo watafiti hupata washirika na nafasi za masomo, yalipungua.

## Mapungufu yaliyobaki

Kufungua machapisho kwa wasomaji kumehamishia baadhi ya gharama kwa waandishi. Baadhi ya wachapishaji hutoza ada kwa kila makala inayochapishwa. Waandishi wa nchi zenye kipato kidogo mara nyingi hupunguziwa au kusamehewa ada hiyo, ila masharti hutofautiana na hufaa kusomwa kabla ya kutuma makala.

Programu za Research4Life husajili taasisi, si mtu mmojammoja. Shule ya kata au mtafiti asiye na mwajiri haguswi na msamaha huo moja kwa moja.

Lugha nayo ni kikwazo. Kumbukumbu nyingi ziko kwa Kiingereza, na ni nadra kongamano kudai ikisiri ya Kiswahili. Kwa mkulima wa Mamboya, makala ya bure isiyosomeka haina tofauti kubwa na makala inayouzwa. Matokeo ya utafiti humfikia iwapo tu afisa ugani, redio au kipeperushi kitayaeleza kwa lugha anayoielewa.

## Makongamano ya udanganyifu

Haja ya kuchapisha imezaa makongamano ya udanganyifu. Waandaaji wake hutuma mialiko mingi kwa baruapepe, hukubali kila makala ndani ya siku chache bila kuisoma, kisha hudai ada. Dalili zake ni jina linalofanana na la kongamano maarufu, fani nyingi zisizohusiana katika mkutano mmoja, na kamati ambayo wajumbe wake hawajui kama wametajwa. Mtafiti kijana hushauriwa kumwuliza msimamizi au mkutubi wake kabla ya kulipa.

## Njia halali za kupata makala bila kulipa

Msomaji asiye na taasisi bado ana njia kadhaa. Wachapishaji wengi humruhusu mwandishi kuweka nakala yake mwenyewe kwenye tovuti ya chuo au hifadhi kama arXiv, iliyoanzishwa mwaka 1991. Kutafuta kichwa kamili cha makala kwenye intaneti mara nyingi huonyesha nakala hiyo. Vyuo vikuu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichopo Morogoro, huwa na hifadhi za kidijitali za kazi za wahadhiri na wanafunzi wao. Majarida mengi ya Afrika hupatikana kupitia AJOL, tovuti iliyoanzishwa mwaka 1998.

Njia nyingine ni kumwandikia mwandishi na kumwomba nakala. Anwani yake huonyeshwa kwenye ukurasa wa ikisiri, na kwa kawaida hapati sehemu yoyote ya fedha zinazolipwa na wasomaji.