Sheikh Abdalla Saleh Farsy: Mwalimu kabla ya Kadhi (Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyopita tulizitazama darsa za Unguja, na jinsi Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdalla Bakathir walivyofariki wote mwaka 1925, wakawaachia wanafunzi wao kazi ya kusomesha. Abdalla Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1912, alilelewa kielimu na kizazi hicho kilichofuata, wakiwemo Sayyid Omar, mwana wa Sayyid Ahmad, na Sheikh Abubakar, mwana wa Bakathir. Leo tuone elimu hiyo aliitumiaje.

Watu wengi humkumbuka kwa ukadhi na kwa tafsiri yake ya Qurani. Kwangu mimi, ufunguo wa maisha yake ni skuli. Mwaka 1933 aliingia darasani kusomesha katika skuli za msingi za serikali, na hakutoka huko mpaka 1947. Kisha akawa mkaguzi wa masomo ya dini wa Unguja na Pemba, akaiongoza Muslim Academy kuanzia 1952, na baada ya hapo akawa mkuu wa skuli iliyosomesha kwa Kiarabu. Alipokalia kiti cha kadhi wa Zanzibar mwaka 1960 alikuwa mtu mzima wa miaka 48, na zaidi ya robo karne ya umri wake ilikwisha pita katika kazi ya ualimu.

Jambo hili lina uzito. Zamani zile mtoto wa Kizanzibari alikuwa na njia mbili za kusoma. Chuoni alihitimu Qurani kwa kuisoma, mara nyingi bila kuijua maana yake. Na skuli ya serikali wazazi wengi waliitilia shaka, hata ilipobidi masomo ya dini yaingizwe ndani yake ndipo nyoyo zikatulia. Farsy aliijua misikiti na akalijua daftari la mahudhurio. Wanavyuoni wa namna hiyo walikuwa wachache, na ndiyo maana maandishi yake hayafanani na ya waliomtangulia.

Ifungue Qurani Takatifu, iliyotolewa kamili na Islamic Foundation, Nairobi, mwaka 1969, baada ya sehemu zake kuanza kutoka katika miaka ya 1950. Aya ya Kiarabu ipo, na Kiswahili chake kipo ubavuni. Chini ya ukurasa kuna maelezo: aya imeshuka kwa sababu gani, wanaosemeshwa ni nani, na ni aya ipi nyingine ya kuitazama ili hii ifahamike. Ni mpango wa mtu aliyezoea kuulizwa maswali na watoto. Lugha nayo ni Kiunguja cha barazani, chepesi, ambacho mama wa nyumbani anakifahamu bila kumwendea sheikh. Humo humo anawajibu waliomtangulia: Godfrey Dale, padri wa Kianglikana aliyetoa tafsiri yake mwaka 1923, na Waahmadiyya waliotoa yao mwaka 1953. Hapo kalamu yake huwa kali, na ukali huo sioni kama ni kasoro. Alikuwa akiwalinda wasomaji wake.

Njia ya kuandika dini kwa Kiswahili ilikwisha fyekwa Mombasa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, kwa magazeti yake Sahifa na Al-Islah ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. Farsy aliifuata na kuipanua. Alitoa vijitabu vya ndoa na talaka, vya saumu, vya mawaidha. Vidogo, vya kusomwa na mtu yeyote. Mwaka 1972 akaandika habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika Mashariki: nani alisoma kwa nani, wapi, na kitabu gani. Bila kazi hiyo, sehemu kubwa ya silsila ya elimu ya pwani yetu ingezikwa pamoja na wazee walioihifadhi vifuani.

Mwaka 1967 aliiacha Zanzibar, na mwaka uliofuata akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, akimrithi Sheikh Muhammad Kasim Mazrui. Alishika kazi hiyo hadi 1981, akahamia Oman, akafariki huko mwaka 1982. Miaka hiyo ya Kenya ndiyo iliyozaa kitabu chake kuhusu bidaa, kilichowagawa hata waliompenda. Mzozo huo unahitaji nafasi yake peke yake, nao ndio tutakaouanza katika sehemu ya tatu.