Kwa Nini Presha, Sukari na Moyo Huja Pamoja

Mtu wa makamo wa Namasakata, mkoani Ruvuma, anaweza kuanza na presha, miaka michache baadaye akaambiwa ana sukari, kisha moyo au figo zikachoka. Majirani watasema maradhi yamemwandama. Kitaalamu, mara nyingi ni tatizo moja linalojitokeza mahali pengi.

Kidole kikikatwa na panga huvimba, hupata joto na kuuma. Huo ni mchochota, kazi ya kinga ya mwili, nao huisha kidonda kikipona. Upo mwingine usioisha: hauumi, hauleti homa, lakini unaendelea kwa miaka.

Chimbuko lake kubwa ni mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo. Zamani yalidhaniwa kuwa akiba tu. Mwaka 1993, Gökhan Hotamisligil na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya mchochota, TNF, inayoizuia insulini kufanya kazi. Hapo sukari hubaki kwenye damu na kongosho hulazimika kumwaga insulini zaidi. Insulini ikizidi, figo hushikilia chumvi na presha hupanda. Ini nalo hujaa mafuta, na kuta za mishipa zenye mchochota hunasa lehemu (kolesteroli).

Ushahidi wa moyo ulikuja mwaka 2017, katika utafiti wa CANTOS. Watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo walishiriki. Dawa iliyotuliza mchochota bila kugusa lehemu ilipunguza mashambulio mapya, kiharusi na vifo vya moyo kwa takriban asilimia 15. Lakini ni ghali mno, na iliongeza vifo vya maambukizi. Kwetu si jibu.

Jibu la karibu zaidi limetoka Kilimanjaro. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wenzao wa Uholanzi walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 77. Waliozoea ndizi, maharage, mboga na nafaka za asili walilishwa soseji, mkate mweupe na chipsi kwa wiki mbili tu. Mchochota ukapanda, na chembe za kinga zikawa dhaifu mbele ya vimelea. Waliotoka vyakula vya mjini kwenda vya asili, mchochota wao ukashuka. Baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye. Mbege, pombe ya asili ya ndizi, nayo ilipunguza mchochota, ingawa sitaki mlevi yeyote anitaje kama shahidi.

Ruvuma kuna dona, muhogo, mbaazi, kunde, kisamvu na mlenda. Kinachonisikitisha ni kuona vyakula hivi vikiitwa vya kimaskini, na fedha za mavuno zikiingia vinapisha soda na maandazi. Wauzaji wa vidonge vya "kusafisha mwili" nao wamekwisha kulinusa somo hili. Hela ya vidonge hivyo ni afadhali inunue kunde.

Wala wembamba si kinga kamili: mtu mwenye mikono myembamba na kitambi yumo hatarini. Na kwa kuwa ugonjwa wa sukari hudhoofisha kinga ya mwili, mgonjwa wake hupata kifua kikuu kirahisi zaidi, mara mbili hadi tatu ya mwingine. Kwa hiyo ukienda zahanati kupima presha, omba upimwe na sukari siku hiyohiyo. Na anayetibiwa kifua kikuu aombe vivyo hivyo.